Kisu Chenye Alama ya Ngumbi

Siku kile kisu kilipotengenezwa mimi nilikuwa nimekasirika. Mume wangu, Mutinda, alikuwa amerudi likizo kutoka jeshini, na paa la jiko langu lilikuwa likivuja tangu mvua za kwanza. Badala ya kupanda juu na kulirekebisha, alikuwa amechuchumaa tangu asubuhi katika kibanda cha baba yake, akichora kisu kwa kijiti kwenye vumbi. Nilipita pale na mtungi wa maji nikijikohoza kohoza. Hakugeuka. Mwanamume akirudi kwa baba yake hurudi utotoni, hata umvalishe sare gani.

Tulikaa mashariki ya Mwingi, kando ya barabara ya Garissa, mahali ambapo Kitui huanza kukauka na miiba hushika nchi. Ilikuwa miaka ya kwanza baada ya uhuru. Baba mkwe wangu, Mzee Ngumbi, alikuwa mhunzi. Kwa heshima ya kwetu, mke wa mwana hasimami uso kwa uso na baba mkwe wala hamtaji jina. Sasa mimi ni mzee kumzidi alivyokuwa yeye siku zile, kwa hiyo namtaja nipendavyo.

Uhunzi haukuanza naye. Babu yake alikuwa akingoja mvua ziishe, kisha anakwenda mtoni kukusanya ule mchanga mweusi unaobaki kwenye kona za mkondo, anauosha, anauyeyusha kwa makaa mpaka upate kuwa chuma. Baba yake alifua vichwa vya mishale na minyororo iliyovaliwa na wanawake wa Kitui mpaka Mbooni. Ngumbi mwenyewe alifua majembe, visu na kengele za ng'ombe, na chuma chake kilitoka kwenye springi za malori yaliyovunjikia barabarani. "Chuma cha babu kilitoka mtoni, changu kinatoka kwa madereva wazembe," alikuwa akisema. Hilo ndilo lililokuwa likimchekesha kila mara, na sisi tulicheka naye kwa adabu.

Mutinda alitaka kisu kama cha mwalimu wake wa mafunzo, kilichotoka ng'ambo. Si kisu cha kukunja. Kiwe chuma kimoja kutoka nchani hadi mwisho wa mpini, mgongo mnene, na kizuizi kati ya mpini na makali ili mkono usiteleze.

"Hii ya kuzuia mkono ni ya nini?" Mzee aliuliza. "Mimi nimeshika visu tangu nizaliwe na vidole ni kumi."

"Ni ya vita, Baba. Mkono ikiwa na damu inateleza."

Mzee alichukua kipande cha springi akakizika motoni, na Mutinda akaketi kwenye mivukuto. Nilisikia nyundo mpaka jua likapinda. Baadaye kisu kilizamishwa katika mafuta ya kondoo, kikapiga kelele, kisha kikarudishwa kwenye majivu ya moto kupunguzwa ugumu wake, kwa maana chuma kikiachwa kigumu mno huvunjika kama chungu. Mpini ulikuwa wa mpingo, vipande viwili vilivyobanwa kwa waya wa shaba. Mama mkwe alishona ala ya ngozi ya ng'ombe.

Mwisho Mzee alichukua tindo ili aweke alama ya nyumba yake: mistari miwili iliyoinama, na mmoja unaoikata. Mutinda akamshika mkono.

"Baba, usiweke. Jeshini kitu ya askari ni namba tu."

"Chuma bila alama kina baba?" Mzee alisema, akapiga.

Hapa lazima nieleze, maana kila kitu kilichofuata kilitokana na hili. Kwa Wakamba kila ukoo ulikuwa na alama yake ya mshale. Mnyama akianguka porini na mishale ya watu watatu mwilini, alama ndiyo iliyosema nyama ni ya nani. Na mshale ukikutwa kwenye ng'ombe wa jirani, mwenye alama alipaswa kusimama mbele ya wazee na kusema, "Huo ni wangu." Hata kama hakuurusha yeye. Akishasema hivyo, wazee walikaa naye, wakamuuliza aliuuza kwa nani, alimwazima nani, wakafuata njia ya ule mshale mpaka kwa mkosaji. Aliyekiri alama yake hakuguswa. Aliyeikana ndiye aliyeogopwa, na nyumba yake ilisemekana itazimika moto. Katika nyumba ya Ngumbi neno hili lilifundishwa watoto kabla ya kufundishwa kuvaa nguo: chuma chako hukikani.

Jioni Mutinda alipanda juu ya jiko langu na kisu kipya, akakata kamba za katani moja baada ya nyingine kama anakata ugali. Hasira zangu ziliisha. Nilimpa nyasi kutoka chini, naye alinirushia vumbi la paa kichwani kwa makusudi. Mtoto wetu Kioko alikuwa bado anatambaa. Nilimpenda sana mume wangu siku ile, na sijali nani anasoma haya.

Alipoondoka alipelekwa ng'ambo ya mto Tana, kwenye vita na mashifta, wapiganaji wa Kisomali waliotaka kaskazini ijitenge. Wengine walisema ni vita, serikali ilisema ni majambazi. Kwetu tuliona malori tu. Yalipita yamejaa vijana wakiimba, yakarudi yamefunikwa turubai. Lori likisimama kununua maji nilikimbia barabarani na Kioko mgongoni, nikauliza kama kuna anayemjua Mutinda wa Ngumbi. Mwanzoni nilipata salamu. Mmoja alinipa sabuni aliyotumwa nayo. Kisha salamu zilikatika, na nikiuliza, askari waliangalia viatu vyao.

Sokoni kwetu kulikuwa na duka moja la maana, la Noor. Noor alikuwa Msomali aliyekaa kwetu miaka mingi, akiuza sukari, majani ya chai na nguo, na kununua ng'ombe. Kengele za Mzee Ngumbi zilipita mikononi mwake zikaenda kufungwa shingoni mwa mifugo mpaka mbali huko. Mkewe, Halima, alikuwa rika langu. Tulibadilishana mboga kwa maziwa, na alinifundisha kupika chai yenye tangawizi mpaka mama mkwe akasema nimekuwa Mwislamu wa tumbo. Vita vilipokuja, baadhi ya watu waliacha kununua kwa Noor mchana wakawa wanatuma watoto. Unafiki ule uliniudhi. Sukari ilikuwa ile ile.

Mchana mmoja, katika msimu ambao tulikuwa hatujasikia neno la Mutinda tangu kupanda mpaka kuvuna, Noor alikuja nyumbani kwetu akipitia uani. Nilikuwa nikipeta mtama karibu na kibanda. Alimsalimu Mzee, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa, akakiweka juu ya fuawe.

"Mzee, hii ni yako. Mimi najua alama yako, nimeuza kengele zako mingi."

Kilikuwa kisu cha Mutinda. Ala haikuwepo.

Mzee alikigeuza, akapitisha kidole kwenye ile mistari mitatu. Nilisimama. Ungo ulinitoka mkononi na mtama ukamwagika, na hakuna aliyenikemea.

"Imetoka wapi?" Mzee aliuliza.

"Kuna mtu ya ng'ombe alileta kwangu. Si mwizi, namjua. Siku ya soko atakuja tena, nitamleta hapa kwako aongee na mdomo yake mwenyewe."

"Kijana yangu ako wapi, Noor?"

Noor aliangalia chini. "Mzee, mimi sikuona na macho yangu. Ngoja yule aliona."

Nilitaka kumrukia nimshike kanzu nimtikise mpaka aseme. Lakini baba mkwe alikuwa pale, na mimi sikuwa na ruhusa hata ya kuinua sauti mbele yake. Mzee alisema tu, "Basi tungoje soko." Wanaume wawili wakakubaliana juu ya mume wangu kama wanakubaliana juu ya ndama. Nililia jikoni, chini ya lile paa, na mama mkwe akaja akaketi nami. Alikuwa amezaa watoto saba na aliyebaki alikuwa Mutinda peke yake.

Siku zile za kungoja soko nilijiambia kila namna ya uongo. Kwamba kisu kiliibwa. Kwamba alikiuza apate sigara, ingawa hakuvuta. Kwamba mtu wa ng'ombe atakuja na kusema, "Yuko hospitali Garissa, mguu umevunjika." Nilikuwa tayari kushukuru kwa mguu uliovunjika. Nilitaka jambo moja tu, kujua kama mume wangu yuko hai au amekufa, na mtu aliyejua alikuwa njiani anakuja na ng'ombe wake.

Kabla ya soko, lori la abiria lilishambuliwa barabarani, si mbali nasi. Watu waliuawa, akiwemo mwalimu aliyekuwa akirudi kwao.

Asubuhi iliyofuata askari walikuja.

Waliruka kutoka malorini kabla hayajasimama. Walitutoa majumbani kwa mateke, wakatukusanya sokoni, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Jua lilikuwa limeshapanda. Kioko alilia nikamtia titi mdomoni, ingawa alikuwa ameacha kunyonya.

Walipekua nyumba. Tulisikia vyungu vikivunjwa.

Askari mmoja alitoka upande wa kwetu ameinua mkono. Alikuwa ameshika kisu.

Sajini alikichukua akakitazama kwa muda. Kilifanana na vyao, hilo kila mtu aliliona. Alikuwa mtu mfupi mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na nadhani alikuwa ametoka kuokota maiti za lile lori. Namtetea kidogo kwa hilo tu.

"Hii kisu ni ya nani?"

Kisu kilikutwa kwenye kibanda cha uhunzi, lakini kibanda kile kila mtu aliingia na kutoka, na mhunzi anaweza kuletewa chuma chochote na yeyote. Mzee angeweza kukaa kimya. Angeweza kusema ameletewa anoe, hamjui mwenyewe. Nilimwangalia kwa mara ya kwanza machoni, nikamwomba kwa macho anyamaze.

Alisimama.

"Ni yangu. Mimi nilitengeneza."

"Ulitengenezea nani?"

"Kijana yangu. Yeye ni askari kama nyinyi. Mutinda Ngumbi, ako ng'ambo ya Tana."

"Na kama kijana yako ako ng'ambo, kisu inafanya nini hapa?"

Naijua ile sauti aliyojibu nayo. Ilikuwa sauti ya mtu aliye mbele ya wazee, aliyekwisha kukiri alama yake, na sasa anangoja wakae chini wafuate njia ya chuma pamoja naye. Aliamini ukweli ungewalinda wote, na yeye, na Noor, na mwanawe. Alikuwa amefundishwa hivyo tangu utotoni.

"Imeletwa na Noor, mwenye duka. Kuna mtu alimpatia. Muulizeni pole pole, yeye atawaambia ukweli. Ni mtu mzuri."

Alisema hivyo kabisa. Ni mtu mzuri.

Noor alikuwa amesimama kati ya wanaume. Walimtoa kwa ukosi.

"Nani alikupa?"

Noor alisema jina. Sikulisikia, kwa sababu walikuwa wameshaanza kumpiga.

"Ako wapi?"

"Ako na ng'ombe. Atakuja soko. Wallahi atakuja soko, ngojeni mtamwona."

"Unatuambia tungoje shifta akuje soko?"

Halima alipiga ukelele. Wanawake wawili walimshika.

Walimpeleka nyuma ya duka.

Risasi zilikuwa mbili. Zilisikika ndogo kuliko nilivyodhani risasi husikika.

Mzee Ngumbi alikimbilia kule akipaza sauti, "Sikusema hivyo! Mimi sikusema hivyo!" Walimpiga kwa vitako vya bunduki mbavuni mpaka akalala. Duka lilitiwa moto. Sukari ikiungua hunukia vizuri, na mpaka leo harufu hiyo siivumilii. Halima na watoto wake walipandishwa lorini pamoja na familia nyingine za Kisomali. Alinipita karibu nikaweza kumgusa, nami sikumgusa. Mikono yangu ilikuwa imejaa mtoto na woga.

Sajini aliondoka na kisu. Kabla ya kupanda alimwambia Mzee, aliyekuwa bado chini, "Kisu ya askari hairudi bila askari. Kijana yako amekufa ama ametoroka." Akafikiri kidogo. "Tutajua."

Hakuna aliyetaka kumgusa Noor. Watu walifunga milango. Mzee ndiye aliyekwenda na jembe, na mbavu zake zimevunjika, mama mkwe na mimi nyuma yake. Ardhi ya kwetu ni ya mawe. Alichimba amepiga magoti, na kila alipoinua jembe alitoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa binadamu. Nilipojaribu kumpokea alinisukuma. Tulimfunika Noor kwa shuka ya mama mkwe, iliyokuwa kitu pekee safi katika nyumba ile.

Siku ya soko ilifika. Niliamka nikajifunga leso nikaenda nikasimama barabarani. Hakukuja mtu wa ng'ombe. Hakukuja hata mtu wa kuku. Habari hutembea upesi kuliko miguu, na nani angeleta mifugo mahali ambapo Noor alipigwa risasi? Nilisimama mpaka kivuli changu kikawa kirefu. Nilielewa basi kwamba jina lile ambalo sikulisikia lilikuwa limekwenda, na mume wangu nyuma yake.

Jeshi lilisema Mutinda hajulikani alipo. Maneno ya baba yake yalifika huko yamegeuka: kisu kilionekana mikononi mwa watu wa maduka, basi huenda mwenyewe alitoroka akakiuza. Askari walikuja tena na tena kumtafuta chini ya vitanda. Mwanamke mwenye mume aliyekufa hupikiwa, huimbiwa, hukaliwa matanga. Mimi sikukaliwa matanga. Kanisani mchungaji alimwombea Mutinda "popote alipo", na nyuma yangu niliwasikia wakinong'ona popote hapo ni wapi na anakaa na nani.

Nilimchukia Mzee Ngumbi. Nitasema hivyo bila kuzunguka. Nilimpikia, nilimfulia, na nilimchukia. Siku moja niliivunja ile heshima yote nikasimama mlangoni mwake.

"Ungenyamaza tu," nilimwambia. "Kitu kidogo hivyo. Ungenyamaza."

Alikuwa akinyoosha ukingo wa kengele. Aliweka nyundo chini.

"Ningenyamaza, wangechukua mtu mwingine."

"Wangechukua nani?"

"Sijui," alisema. "Hiyo ndiyo naulizanga usiku." Kisha akasema kitu ambacho nilikidharau wakati ule. "Mimi nilifikiri wataketi chini."

Alikufa wakati wa ukame mmoja mkubwa, mama mkwe akamfuata. Nimefikiria jambo lake miaka mingi. Wakati mwingine naona alimuua rafiki yake kwa mdomo. Wakati mwingine naona sajini yule alikuja ameshaamua kumwaga damu, na angetafuta pa kuimwagia hata tungekuwa mabubu wote. Maji yakimwagika hayazoleki. Ila mtu aliyekaa kando ya yale maji maisha yake yote huyatazama tu, atafanya nini?

Kioko alikua, akawa dereva wa malori ya Mombasa, akajenga Emali. Alinichukua nikakae naye. Emali ni mji wa kelele, lakini una soko la mifugo, na wafanyabiashara wa kutoka kaskazini huja na ng'ombe. Nilikuwa nikiuza maharagwe na pojo upande wa pili, na kila siku ya soko nilimwachia jirani mzigo wangu nikaenda kwa wale watu wa ng'ombe kuuliza. Mnamjua Halima wa Noor, aliyekuwa na duka barabara ya Garissa? Walinizoea. Walinitania kwamba Halima huyo lazima alikimbia na mume wangu. Niliwacheka, nikauliza tena wiki iliyofuata. Miaka ilikwenda hivyo.

Kisha kijana mmoja akasema, bila hata kuinua macho kutoka kwenye simsim aliyokuwa akitafuna, "Si huyo shangazi ya bibi yangu? Ako nyuma ya boma, anachemsha chai."

Alikuwa amenenepa na jino moja la mbele halikuwepo. Alinitambua kabla sijasema.

"Wewe ni mke ya yule kijana ya Ngumbi."

"Ni mimi, Halima."

"Kaa." Alinimiminia chai. Tangawizi ilikuwa nyingi. "Najua umekuja kuuliza nini. Mimi nimengoja wewe kuliko wewe umenitafuta."

Akaniambia. Noor alikuwa amemweleza yote usiku ule alipoletewa kisu. Mtu wa ng'ombe alimkuta Mutinda kando ya kisima kikavu, amejeruhiwa tumboni, wenzake wamekufa au wamekimbia. Hakuwa shifta, alikuwa mchungaji anayetafuta maji, na alimwogopa askari kama askari alivyomwogopa yeye. Mutinda alitupa bunduki mbali. Yule mtu akamnywesha maziwa ya ngamia kwa kiganja. Mutinda alitoa kisu akamwonyesha ile alama, akataja soko letu, akataja Noor. Hakuwa na kitu kingine cha kutuma. Alifariki alfajiri, na yule mtu na ndugu yake walimfukia kwa mawe mengi ili fisi wasimpate.

"Aliongea?" niliuliza. "Alisema kitu?"

"Aliongea Kikamba. Hawakusikia Kikamba."

Nililia pale mbele ya watu wa ng'ombe, nao wakageuza nyuso. Halima hakunizuia. Aliongeza kuni chini ya birika. Nilimuuliza kwa nini Noor hakutuambia siku ile ile.

"Kwetu, habari ya kifo analeta yule aliona maiti. Noor alisema hawezi kuua kijana ya Ngumbi na maneno ya kusikia." Alipangusa meza ambayo haikuwa chafu. "Nilimwambia, nenda waambie. Akasema ngoja soko."

Kisha akaniangalia, na nikajua zamu yangu imefika.

"Sasa mimi nakuuliza. Noor ako wapi?"

Nilimweleza. Nyuma ya duka, hatua chache kutoka ukutani. Nilimwambia ni Ngumbi aliyechimba, na mbavu zimevunjika, na kwamba hakukubali kusaidiwa. Nilimwambia kuhusu shuka.

"Ilikuwa nyeupe?"

"Nyeupe."

"Mungu awalipe. Na uso yake mliangaliza wapi?"

"Jua linakotoka."

Alitikisa kichwa polepole. "Kibla si huko," alisema.

"Hatukujua, Halima."

"Najua hamkujua." Akaniuliza kama mahali pale pangali panaonekana, maana mwanawe mmoja angeweza kumpeleka. Ilinibidi nimwambie. Barabara ilipowekwa lami ilipanuliwa, na matingatinga yalipita juu ya lile duka na nyuma yake. Malori yanakwenda Garissa juu ya Noor. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainua birika akanijazia tena kikombe mpaka kikafurika, chai ikamwagika mezani, na sote wawili tukaiangalia ikidondoka.

Hatukusema tutaonana tena. Nilijua ningemwona wiki iliyofuata, na nilimwona, na tumeonana siku nyingi tangu hapo. Hatujazungumza tena juu ya wanaume wetu. Ninapofikiria hesabu ya mambo haya, naona kwamba mimi nilikwenda kwake na shida moja ikatatuliwa, na yeye alikuwa na tumaini moja dogo, la kaburi, nami ndiye niliyelichukua.

Jioni ile Kioko alirudi kutoka safari ya Mombasa. Nilimwekea chakula, nikangoja anawe mikono, nikamwambia baba yake amekufa. Mwanangu alikuwa ameshampita baba yake umri kwa mbali, ana mvi juu ya masikio. Aliacha kula.

"Mama," alisema, "hiyo si tunajua?"

"Hapana, mwanangu," nilimwambia. "Tulikuwa tunadhani."